Nani anaweza kusubiri? Kisa cha korosho, msimu wa 2018/19

Oktoba 2018, kwenye minada ya kwanza ya korosho mkoani Mtwara, wakulima walifanya jambo ambalo maskini hulifanya kwa nadra: walikataa kuuza. Bei za wanunuzi zilisomwa hadharani kama ilivyo desturi, na hata zilizo juu hazikuvuka sana shilingi 2,700 kwa kilo. Msimu uliotangulia mnada ulikuwa umepita 4,000. Wakasema hatuuzi. Korosho zikabaki ghalani.

Yaliyofuata yanajulikana. Mawaziri wawili walipoteza kazi, malori ya jeshi yakateremka kusini, serikali ikanunua zao zima. Wengi waliokisimulia kisa hiki walikisimulia kama ugomvi wa bei, upande huu walanguzi, upande ule dola inayomtetea mnyonge, au kinyume chake, kulingana na msimulizi ni wa chama gani. Nimekipitia mara kadhaa na kila mara narudi kwenye swali jingine kabisa. Kati ya wote waliokuwa na mkono kwenye gunia lile, nani alikuwa na uwezo wa kusubiri, na kwa siku ngapi?

Tuanze na njia ya gunia lenyewe. Tangu msimu wa 2007/08 korosho za Tanzania huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS. Zinapimwa, zinapangwa madaraja, zinasafirishwa hadi ghala kuu. Chama kikuu, kwa mfano TANECU kwa wakulima wa Tandahimba na Newala, au MAMCU kwa Masasi na Mtwara, kinaendesha mnada. Mnunuzi analipa, makato yanatolewa (ushirika, ghala, usafiri, ushuru wa halmashauri), kisha kinachobaki kinaingia kwenye akaunti ya mkulima. Nia yake ni njema na siipingi: mtu mwenye magunia manne hana sauti mbele ya mfanyabiashara mwenye meli, ila wakulima elfu kumi wakiweka mzigo pamoja, sauti inapatikana.

Kasoro yake ni kwamba mfumo unamtaka mtu asiye na akiba atoe mali leo, alipwe siku nyingine. Mkopo huo unatoka kwa mkulima kwenda kwa mfumo mzima, na hauna riba. Siku zikiwa chache, unavumilika. Zikizidi, moto unawaka, na kwa Liwale nasema moto wenyewe. Aprili 2013, wilayani humo mkoani Lindi, nyumba za wanasiasa na viongozi wa ushirika zilichomwa baada ya wakulima kuambiwa kwamba malipo ya pili waliyoyangoja yangekuwa madogo mno kuliko walivyoahidiwa. Waliokuwa na kumbukumbu hiyo mwaka 2018 hawakushangaa sana kuona wakulima wakigoma. Afadhali kugoma mapema, mzigo ungali wako, kuliko kulalamika baadaye.

Pembeni ya mfumo huu rasmi kuna mwingine usio na ofisi wala muhuri, nao ni kangomba. Ni mtu anayekuja na fedha taslimu nyumbani kwako, wakati mwingine kabla hata korosho hazijaanguka, akanunua kwa bei ya chini mno. Kisheria ni mhalifu. Kwenye hotuba ni mnyonyaji. Ila yeye peke yake ndiye anayelipa papo hapo, na hilo viongozi hawapendi kulitaja. Mwezi wa saba mtoto anaumwa, mwezi wa nane shamba linahitaji mpulizaji, na mnada uko mwezi wa kumi. Benki haitakukopesha kwa dhamana ya maua ya mkorosho. Kangomba atakukopesha. Simtetei, bei anayotoa ni ya kumkamua mtu. Lakini mtu anayetaka kumwondoa kangomba bila kuweka kitu mahali pake anamwondolea mgonjwa daktari mbaya katika kijiji kisicho na daktari mwingine.

Sasa upande wa wanunuzi. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania huenda India na Vietnam kubanguliwa, na mwaka 2018 bei ya dunia ilikuwa imeshuka kutoka kilele cha 2017. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya zabuni kuwa chini, na haikuhitaji njama yoyote. Wanunuzi nao walikuwa na faida moja isiyoonekana mnadani: Kodivaa, mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, huvuna kuanzia Februari hivi. Korosho ya Tanzania huvunwa kati ya Septemba na Januari, wakati Afrika Magharibi haina mzigo mpya. Kwa miezi hiyo michache, viwanda vya Asia vikitaka korosho mpya, vinaitafuta huku. Huo ndio mtaji mkubwa wa Mtwara na Lindi kwenye soko la dunia, na mtaji huo ni kalenda. Kila wiki inayopita baada ya Desemba inaula. Mnunuzi anayejua kwamba baada ya miezi mitatu atapata mzigo Abidjan hana haja ya kupandisha sauti. Anakaa kimya tu.

Kwa hiyo hata kabla serikali haijaingia, hesabu ya kusubiri ilikuwa hivi: mnunuzi mkubwa alikuwa na miezi, chama kikuu kilikuwa na wiki, mkulima alikuwa na siku.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, hadi Juni 2018 bungeni Dodoma, kwa sababu bila hapo kisa hakieleweki. Korosho ghafi ikitoka nje hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa. Kwa sheria ya wakati ule, asilimia 65 ya makusanyo ilipaswa kurudi kuendeleza zao lenyewe: miche, utafiti, na hasa salfa na viuatilifu. Anayeujua mkorosho anajua salfa ni nini. Ubwiri unga, ugonjwa ambao salfa huuzuia, ukivamia maua na hujapuliza, msimu umekwisha hata kabla ya kuanza. Msimu wa 2017/18 salfa ilitolewa bure, uzalishaji ukapita tani 300,000, rekodi ya wakati huo. Juni 2018 sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walipiga kelele pamoja, jambo lisilo la kawaida kwa Bunge la miaka ile. Hawakufua dafu.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Taifa lina mfuko mmoja, na mikoa isiyo na zao la biashara nayo ina watoto wa kusoma na wagonjwa wa kutibu. Tena fedha za mifuko ya mazao huko nyuma hazikuwa na sifa nzuri ya usimamizi. Lakini ona kilichotokea kwa mkulima. Ushuru unakatwa kwa mnunuzi wa nje, naye anaurudisha chini kwa kupunguza bei anayotoa mnadani, kwa hiyo kwa sehemu kubwa mlipaji ni mwenye shamba. Alikuwa anaulipa kwa siri na kurudishiwa salfa. Sasa akabaki kuulipa, salfa akanunue. Na salfa inanunuliwa mwezi wa tano na wa sita, miezi ambayo mfuko wake mtupu. Anakimbilia wapi? Tumeshamtaja.

Na kusini si mahali popote tu. Hapa ndipo Waingereza walipojaribu mradi wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, wakajenga bandari ya Mtwara na reli, mradi ukafa 1951, na reli ikang'olewa miaka ya sitini. Hapa ndipo korosho ilipofikia tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, kisha ikaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya themanini, kwa sehemu kwa sababu operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ya serikali ikawa duni na ubwiri unga ukaenea. Viwanda vya kubangua vilijengwa kwa mikopo ya nje, vikafungwa, vikauzwa, vingi vikaishia kuwa maghala. Daraja la Mto Rufiji lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo mvua ikikaza safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kubahatisha. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi yao Dar es Salaam, na jeshi likaletwa mitaani. Kwa hiyo ushuru wa korosho ulipohamishwa 2018, kwa mtu wa Newala haikuwa habari ya sheria ya fedha. Ilikuwa sura nyingine ya hadithi anayoijua.

Katika hali hiyo ndipo mgomo wa Oktoba unapokaa. Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa, ambaye mwenyewe alikuwa mbunge wa Ruangwa, mkoani Lindi, alikutana na wanunuzi na ikatangazwa kwamba bei haitashuka chini ya shilingi 3,000. Wanunuzi walijitokeza kidogo kidogo. Tarehe 10 Novemba Rais John Magufuli akawaondoa Waziri wa Kilimo Charles Tizeba na Waziri wa Viwanda na Biashara Charles Mwijage, bodi ya Bodi ya Korosho ikavunjwa. Siku mbili baadaye akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, Benki ya Maendeleo ya Kilimo itagharamia, Jeshi la Wananchi litasomba.

Kusini kulishangiliwa, na sioni haya kukiri kwamba ningekuwa na magunia ghalani siku ile ningeshangilia pia. Kwa mara moja mkubwa aliyezoea kuchukua alikuwa amekuja kutoa. Piga hesabu uone ukubwa wa ahadi: zao lilikadiriwa kuwa tani 220,000 hivi, kwa 3,300 kwa kilo ni shilingi bilioni 726. Hakuna mnunuzi binafsi aliyekuwa tayari kuweka fedha hiyo mezani kwa pamoja. Serikali ilisema itaweka.

Bei iliyotangazwa ilikuwa halisi. Kilichokosekana ni muda. Kwanza ukaja uhakiki. Kwa kuwa serikali haikutaka fedha yake iishie kwa kangomba, timu zilitumwa kuhakiki kama mwenye korosho kweli ana shamba. Baadaye ikaelekezwa kwamba wenye zaidi ya kilo 1,500 ndio wakaguliwe hadi mashambani. Kwenye karatasi ni utaratibu safi. Lakini fikiria uhusiano wa watu na mikorosho kusini. Kuna aliyekodi mikorosho ya jirani kwa msimu. Kuna aliyechukua miti rehani kwa deni. Kuna anayehudumia shamba la ndugu aliye mjini. Kuna familia inayopeleka mzigo wote kwa jina moja, mara nyingi la baba, ingawa aliyeokota, akaanika na kuchambua ni mama na watoto. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliye mwizi, na hakuna hata mmoja mwenye hati. Uhakiki ulimtafuta kangomba ukakuta kijiji kizima kina chembe ya ukangomba, kwa sababu ndivyo watu wasio na akiba wanavyosaidiana kuvuka mwaka.

Malipo yakaenda kwa mafungu. Desemba ikapita. Januari shule zikafunguliwa, na ingawa ada ilishafutwa, sare na madaftari hazikufutwa. Mvua zikaanza, watu wakahitaji mbegu na vibarua vya kulima. Hadi Februari 2019 kulikuwa bado na wakulima ambao hawajaona senti. Na aliyepata ahadi ya 3,300 akashindwa kusubiri, alikwenda wapi? Kwa yule yule, sasa akinunua kwa hofu ya kukamatwa, na hofu hiyo akaiingiza kwenye bei.

Hebu tumfuate mkulima mmoja wa mfano, mwenye kilo 400. Kabla ya makato, mnada alioukataa Oktoba kwa 2,700 ungempa shilingi 1,080,000. Kwa bei ya serikali ni 1,320,000, nyongeza ya 240,000, fedha nzuri kabisa. Ila tuseme alikuwa na shida ya haraka, akabakiza kilo 150 nyumbani na kuziuza kwa siri kwa 1,500. Amepata 225,000. Zile 250 zilizobaki zinalipwa Machi kwa 3,300, yaani 825,000. Jumla 1,050,000. Amepigania bei, ameshinda, bei imepanda, na ameishia chini ya kile alichokikataa. Jirani yake mwenye kilo 4,000, mwenye duka na ng'ombe wawili wa kuuza akibanwa, hakuuza hata kilo moja pembeni. Alikaguliwa, akasubiri, akapata 13,200,000. Bei ilikuwa moja kwa wote wawili, lakini ahadi ya kulipwa baadaye ina thamani tofauti kwa kila mtu, na tofauti hiyo haiandikwi popote kwenye stakabadhi.

Wenye akili ya biashara walikuwa na malalamiko mengine, ya kwamba serikali haijui kuuza korosho. Hayo nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yaliyojaza magazeti. Viwanda vya ndani vilivyokuwa vinafanya kazi vingeweza kubangua sehemu ndogo tu ya zao. Kiwanda cha Buko mkoani Lindi kilikabidhiwa jeshi, lakini kiwanda kimoja hakimezi mlima. Tarehe 30 Januari 2019 ukasainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Gawanya: ni 4,180 kwa kilo, wakati soko la dunia lilikuwa linashuka na Kodivaa inaanza kuvuna. Bei nzuri kupita kiasi ni onyo, na mkulima yeyote aliyewahi kukutana na tapeli wa magunia angeweza kulisema. Miezi michache baadaye mkataba ukavunjwa bila mzigo kutoka. Hadi katikati ya 2019 shehena kubwa ilikuwa bado maghalani, ikipungua uzito na ubora, maana korosho nayo haisubiri kwa hiari. Oktoba 2019 minada ya kawaida ikarudi, bei za kwanza zikizunguka shilingi 2,500. Chini ya zile zilizokataliwa mwaka mmoja kabla.

Kuna swali ambalo huulizwa kila kisa hiki kinapotajwa: je, serikali isingeingilia kabisa? Nadhani swali lenyewe limekaa vibaya. Mgomo wa Oktoba ulikuwa na sababu, na soko lenye wanunuzi wachache wanaojuana si soko la kuachiwa lijiendee. Lakini fedha ile, hata sehemu yake ndogo, ingeweza kufanya kazi nyingine. Tuchukue shilingi 1,000 kwa kilo, ilipwe taslimu siku ile ile gunia linapopokelewa AMCOS, kama malipo ya awali yanayokatwa mnada ukifanyika. Kwa tani 220,000 ni bilioni 220, chini ya theluthi ya ile 726, na fedha hiyo inazunguka na kurudi kila mnada. Mkulima anapata wiki nane za kupumua. Mnunuzi anayetegea njaa ya mwenzake anakuta mwenzake ameshakula. Najua kipingamizi: malipo ya awali yalishakuwapo, na Liwale ilichomeka yakiwepo. Ni kweli. Liwale ilichomeka kwa sababu bei ilianguka baada ya mkopo wa awali kushatolewa juu mno, na hakuna aliyewaeleza wakulima hatari hiyo ni ya nani. Kiwango kikiwa cha chini, na ikisemwa tangu mwanzo nani atabeba hasara, habari ni nyingine. Si dawa ya kila kitu. Ingegusa tu mahali penyewe panapouma.

Kwa nini haikufanyika hivyo? Sidhani ni kwa kukosa maarifa. Watu wa ushirika wanayajua haya kuliko mimi. Malipo ya awali hayana picha. Hayana malori yaliyopangwa kwa mstari, hayana waziri anayeondolewa, hayamwonyeshi adui. Siasa ya miaka ile ilipenda maamuzi yanayoonekana, na 3,300 ni namba inayotosha kwenye sentensi moja ya jukwaani. Tena upinzani nao, wakati ukiweza, ulijadili zaidi mkataba uliovunjika kuliko mama wa Tandahimba aliyeuza debe lake Desemba. Kashfa ina majina. Kusubiri hakuna jina la mtu.

Miaka ya karibuni mambo yamebadilika. Pembejeo za ruzuku zimerudi, minada inaendeshwa kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa, na msimu wa 2024/25 uzalishaji ulipita tani 500,000 huku bei za mwanzo zikivuka tena 4,000. Ni habari njema isiyohitaji kuwekewa chumvi. Hata hivyo, mkorosho bado unatoa maua katikati ya mwaka na kuzaa mwishoni, na kati ya hapo kuna miezi ambayo mwenye shamba ana mali mtini na hana kitu mfukoni. Miezi hiyo, ukipita Newala au Masasi, mtu wa kangomba bado anabisha hodi, na bado ndiye pekee anayebisha akiwa na fedha.